KUSOMEWA SI KUSOMA
Haki ya asiyeona mbele ya karatasi iliyochapwa

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wanajumuiya, Ilemela, Mwanza



Kamati yetu ya Haki na Amani imezoea kuzungumza nanyi juu ya mashamba, mirathi, ndoa na kodi. Leo tunaleta mada ambayo huenda wengine wakaiona ni ndogo, nayo ni jinsi ndugu zetu wasioona wanavyosoma maandishi yaliyochapwa, na vyombo vinavyowasaidia kufanya hivyo. Tunaomba msiione kuwa ni mada ya mafundi wa kompyuta. Ni mada ya haki, kwa sababu katika nchi yetu ya leo mtu asiyeweza kusoma karatasi iliyo mbele yake amewekwa chini ya mamlaka ya yule anayeweza kuisoma.

1. Karatasi inavyotutawala

Hebu tuhesabu karatasi zinazopita mikononi mwetu kwa mwezi mmoja tu. Kuna ankara ya maji, stakabadhi ya umeme yenye tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita, cheti cha kliniki, majibu ya maabara, barua kutoka shuleni kwa mtoto, tangazo la serikali ya mtaa, mkataba wa pango na fomu ya mkopo. Pale Mwaloni Kirumba, mfanyabiashara wa dagaa hupewa karatasi ya mzani na ya ushuru. Huko Buswelu, Sangabuye na Kayenze, anayenunua kiwanja hukabidhiwa hati ya mauziano yenye majina ya mashahidi na mipaka ya eneo. Hata kopo la dawa lina maandishi yanayoeleza ni vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku, na mwisho wa matumizi ni lini.

Sisi tunaoona hutupia jicho na kuendelea na safari. Asiyeona hana budi kumwomba mtu. Tena si kila mtu anayeombwa ana moyo mwema, na hata mwenye moyo mwema ana haraka zake. Humsomea yale anayoona ni ya maana na kuyaruka mengine. Humwambia, "Hapa wamesema utalipa kidogo kidogo, wewe weka dole gumba." Huo utakaoitwa utashi wa aliyeweka dole gumba ni, kwa kweli, utashi wa aliyesoma.

Tufikirie mama mjane asiyeona anayekaa Nyakato, ambaye shemeji zake wamemletea karatasi wakisema ni ya kumwezesha kupata mafao ya marehemu mumewe. Msomaji wa karatasi hiyo ni mmoja wa hao hao shemeji. Je, mama huyu atajuaje kama karatasi inazungumzia mafao au inazungumzia nyumba? Hatusemi kwamba kila shemeji ni mwizi. Tunasema kwamba haki isiyo na njia ya kujihakikishia imebaki kuwa hisani, na hisani yaweza kuondolewa wakati wowote. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nasi twaongeza kwamba haki yake mpeni katika namna ambayo ataweza kuisoma mwenyewe.

2. Nukta nundu: vidole vinaposoma

Njia ya kwanza iliyompa asiyeona uwezo wa kusoma na kuandika bila kumtegemea mwingine ni maandishi ya nukta nundu. Yalibuniwa na Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray. Baba yake alikuwa fundi wa kushona vifaa vya ngozi. Mtoto huyo, akiwa na umri wa miaka 3, alijichoma jicho kwa chombo cha baba yake, maambukizo yakaenea hadi jicho la pili, akapofuka kabisa. Alipokuwa mwanafunzi mjini Paris aliujua mfumo wa nukta uliobuniwa na Charles Barbier. Mfumo huo ulikuwa na nukta 12 na ulikuwa mgumu. Braille akaupunguza hadi nukta 6 zinazotosha chini ya ncha ya kidole kimoja, na mwaka 1829 akauchapisha. Nukta hizo 6, kwa kupangwa huku na huku, hutoa maumbo 63, nayo hutosha herufi, tarakimu, alama za uandishi, hata hesabu na nota za muziki.

Katika nchi yetu, elimu ya watoto wasioona ilianza kwa juhudi za makanisa. Shule ya Buigiri mkoani Dodoma ilianzishwa mwaka 1950 chini ya Kanisa la Anglikana, na baadaye zikafuata nyingine, ikiwemo Furaha mjini Tabora na Irente huko Lushoto. Kwetu Kanda ya Ziwa, wengi tunaifahamu Shule ya Msingi Mitindo iliyoko Misungwi, na Buhangija iliyoko Shinyanga. Huko watoto hujifunza kuandika kwa kibao chenye vitundu na chombo kidogo cha kutobolea. Anayeandika hutoboa kutoka kulia kwenda kushoto, ili karatasi ikigeuzwa nundu zisomeke kutoka kushoto kwenda kulia. Iko pia mashine ya Perkins yenye vitufe 6 vya nukta, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951. Ni mashine imara yenye uzito wa karibu kilo 5, lakini bei yake ni kubwa, na ikiharibika fundi wake si wa kupatikana kila mtaa.

Hapa lazima tuseme wazi kwamba nukta nundu hazijapitwa na wakati. Wako wanaodhani kwamba kwa kuwa simu sasa inasema, mtoto asiyeona hana haja tena ya kujifunza nukta. Hilo ni kosa. Mtoto anayesikiliza tu hajui neno linaandikwaje, wala nukta ya mwisho wa sentensi iko wapi, wala jedwali la hesabu limepangwaje. Mtoto anayeona hatuwezi kumwambia asijifunze herufi kwa sababu nyumbani kuna redio. Kwa nini basi tumwambie hivyo asiyeona?

Hata hivyo nukta nundu zina mipaka yake. Ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida hugeuka kurasa mbili au tatu za nukta, na karatasi yake ni nene, hivyo kitabu kimoja cha shule huwa mabuku kadhaa ya kubebwa kwa mikono miwili. Aidha, mtu aliyepofuka akiwa na miaka 60 kwa ugonjwa wa presha ya macho huona taabu kuzoesha vidole vyake. Na lililo kubwa zaidi ni kwamba mkataba wa pango, majibu ya maabara na tangazo la mtaa havitolewi kwa nukta nundu. Hutolewa kwa wino. Hivyo basi ilihitajika njia ya pili, yaani chombo cha kumfikisha asiyeona kwenye wino wenyewe.

3. Mashine inaposoma wino

Mwaka 1976 Mmarekani aitwaye Ray Kurzweil alionyesha hadharani mashine iliyoweza kutazama ukurasa uliochapwa, kutambua herufi zake na kuzisoma kwa sauti. Ilikuwa kubwa, ilijaza meza nzima, na bei yake ilikuwa ya taasisi na matajiri. Lakini kanuni yake ndiyo hiyo hiyo iliyomo leo ndani ya simu ya mkononi. Tuieleze kwa ufupi, maana kinachoeleweka hakiogopwi.

Kwanza, kamera hupiga picha ya karatasi. Pili, programu hutenganisha weusi wa wino na weupe wa karatasi, hutafuta mistari iko wapi, kisha hulinganisha kila umbo na maumbo ya herufi inayoyajua. Tatu, herufi hizo hugeuzwa kuwa maneno ya kompyuta, yanayoweza kuhifadhiwa, kukuzwa au kutafutwa. Nne, programu nyingine huyasoma maneno hayo kwa sauti, au huyapeleka kwenye kifaa chenye nukta zinazopanda na kushuka chini ya vidole.

Baada ya Kurzweil mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1989 kilitoka kisomaji cha skrini kiitwacho JAWS, kinachomsemea asiyeona kila kilichoandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Kilikuwa, na bado ni, cha kununuliwa kwa fedha nyingi. Mwaka 2006 vijana wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh, ambao wenyewe hawaoni, walianza kutengeneza kisomaji kingine kiitwacho NVDA na kukitoa bure kwa dunia nzima. Walisukumwa na wazo kwamba asiyeona hapaswi kulipa zaidi ya anayeona ili atumie kompyuta ile ile. Hapo tunaona kwamba hata katika ufundi kuna uamuzi wa haki na uamuzi wa faida.

Leo simu nyingi za Android zina kisomaji kiitwacho TalkBack, na simu za iPhone zina VoiceOver tangu mwaka 2009. Hupatikana katika mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, bila malipo. Mtu akigusa kioo, simu humwambia alichogusa. Akigusa mara mbili, simu hufungua. Kwa kusoma karatasi ziko programu kama Seeing AI iliyotoka mwaka 2017 na kufika kwenye Android mwaka 2023, na Lookout iliyotoka mwaka 2019. Msomaji huweka karatasi mezani, huinua simu kiasi cha mkono mmoja juu yake, programu humwongoza kama pembe zote za karatasi zinaonekana, kisha husoma.

Je, Kiswahili kimo? Ndiyo, ziko sauti za Kiswahili, zikiwemo za bure, ingawa baadhi yake zina lafudhi ya kimashine. Muhimu ni kuichagua lugha hiyo katika mipangilio. Simu iliyoachwa kwenye sauti ya Kiingereza husoma Kiswahili kana kwamba ni Kiingereza kilichovunjika, na msikilizaji haambulii kitu. Wengi wamekata tamaa siku ya kwanza kwa sababu hiyo ndogo tu, wakadhani chombo hakifai.

Tusiwasahau wenye uoni hafifu, miongoni mwao wakiwemo wengi wa ndugu zetu wenye ualbino. Katika kanda hii, ambamo damu ya ndugu hao ilimwagika kwa imani za kishirikina, tumesema mengi juu ya kulinda maisha yao, na ilitupasa kusema. Lakini kumlinda mtoto asiuawe, kisha kumketisha nyuma ya darasa mahali ambapo haoni ubao, ni kumpa nusu ya haki. Mtoto huyu pengine hahitaji nukta nundu wala sauti. Anahitaji kukaa mbele, kukingwa na mwanga mkali, kupewa lenzi ya kukuzia na kitabu cha maandishi makubwa. Simu yenyewe, kamera yake ikikuza, yaweza kuwa lenzi.

4. Mahali chombo kinaposhindwa

Hatupendi kuwadanganya kwamba simu imemaliza kazi. Ipo mipaka ambayo anayetumia na anayesaidia wote yafaa waijue.

Programu husoma vizuri maandishi ya chapa. Mwandiko wa mkono huisumbua, na hati nyingi za mauziano vijijini huandikwa kwa mkono. Nakala iliyofifia, karatasi iliyokunjwa, muhuri uliopigwa juu ya maneno na jedwali lenye safu nyingi, vyote huikoroga. Kosa la herufi moja katika barua ya salamu halidhuru, lakini kosa la tarakimu moja katika kiasi cha mkopo laweza kumuuzia mtu nyumba yake. 3 yaweza kusomwa 8, na sifuri moja yaweza kudondoka. Kwa hiyo kila kiasi cha fedha na kila tarehe visomwe mara mbili, na ikibidi mtu wa pili asiyehusika athibitishe.

Kisha kuna gharama. Programu ni ya bure, lakini simu yenye kamera nzuri si ya bure, wala bando si la bure, na baadhi ya kazi hazifanyiki bila mtandao. Kifaa cha nukta zinazopanda na kushuka hugharimu fedha nyingi mno kwa mtu wa kawaida, hata kile cha seli 20 kiitwacho Orbit Reader, ambacho kilibuniwa makusudi ili kuteremsha bei.

Jambo la tatu ni siri. Baadhi ya programu hupeleka picha ya karatasi kwenye kompyuta za mbali ili isomwe huko. Nyingine, kama Be My Eyes iliyoanza mwaka 2015, humuunganisha asiyeona na mtu wa kujitolea anayetazama kupitia kamera. Hiyo ni huduma njema kwa kutambua kopo la maziwa au rangi ya shati. Namba ya siri ya benki, majibu ya hospitali na kitambulisho visionyeshwe kwa mtu usiyemjua.

Na jambo la nne, ndugu zangu, linatuhusu sisi wenyewe. Karatasi nyingi siku hizi hazifiki kama karatasi. Hufika kama picha kwenye kundi la WhatsApp. Katibu huandika tangazo, hulichapa, hulipiga muhuri, hulipiga picha na kulituma. Anayeona husoma. Asiyeona husikia simu ikimwambia neno moja tu: "Picha." Maneno yale yale yangetumwa kama maandishi, simu ingemsomea yote bila shida. Hapa hakuna upungufu wa fedha wala wa utaalamu. Pamekosekana kumfikiria mwenzetu tu.

5. Sheria inasema nini

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika Ibara ya 18, inatambua haki ya kila mtu ya kutafuta na kupokea habari, na kupewa taarifa juu ya mambo muhimu kwa maisha yake na kwa jamii. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi. Haikuandikwa kwamba haki hizo ni za wenye macho.

Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Mkataba huo unadai taarifa zitolewe katika namna zinazofikika, unataja elimu ya nukta nundu, unatambua haki ya mtu mwenye ulemavu kumiliki mali na kusimamia fedha zake mwenyewe, na haki ya kupiga kura kwa siri. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Aidha, mwaka 2020 Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa nchini Morocco mwaka 2013. Huu wa mwisho haufahamiki sana, nao ni wa maana kubwa kwa mada yetu. Umoja wa Wasioona Duniani umekuwa ukisema kwamba chini ya asilimia 10 ya vitabu vyote vinavyochapishwa hupatikana katika namna ambayo asiyeona aweza kuisoma. Sababu mojawapo ilikuwa sheria za hakimiliki: hata shule iliyotaka kukigeuza kitabu kuwa nukta nundu au sauti ilihitaji kibali cha mwenye kitabu. Mkataba wa Marrakesh unaruhusu taasisi zinazotambuliwa kutengeneza nakala hizo kwa ajili ya wasioona bila kibali hicho, na kubadilishana nakala kati ya nchi na nchi. Kenya na Uganda zilikuwa zimekwisha jiunga kabla yetu. Maana yake ni kwamba kitabu cha Kiswahili kilichogeuzwa Nairobi chaweza kumfikia msomaji wa Ilemela bila kugeuzwa upya.

Tume za uchaguzi nazo zimekuwa zikisambaza kifaa chenye nundu ambacho karatasi ya kura huwekwa ndani yake, ili asiyeona ajipigie kura mwenyewe. Akitaka msaada, ni haki yake kumchagua amwaminiye; hachaguliwi msaidizi na mtu mwingine. Baraza la Mitihani hutoa mitihani ya nukta nundu na ya maandishi makubwa, pamoja na muda wa nyongeza. Tena tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023, ukaanza tena baadaye kwa utaratibu mpya. Wenzetu wasiojua kwamba fedha hiyo ipo, au wasioweza kujisomea masharti yake, ndio hao wanaoangukia mikononi mwa wakopeshaji wa "kausha damu".

Tunaona basi kwamba sheria si haba. Kilicho haba ni daraja kati ya sheria na kidole cha mtu.

6. Yatupasayo kutenda

Kamati inapendekeza mambo yafuatayo, ambayo kila parokia na kila jumuiya yaweza kuyaanza bila kungoja mfadhili.

(a) Matangazo yote ya jumuiya na parokia yatumwe kwa maandishi, si kwa picha peke yake. Likitumwa bango, maneno yake yaandikwe chini yake.

(b) Ratiba, masomo na maneno ya nyimbo yawafikie mapema waamini wasioona, kwa nukta nundu, kwa faili la maandishi au kwa sauti, kadiri kila mmoja anavyosoma. Asiyeona anayejua nukta nundu aweza kusoma somo kanisani kama msomaji mwingine yeyote. Asikalishwe pembeni kama mtu wa kuombewa tu.

(c) Nakala za wenye uoni hafifu ziandikwe kwa herufi kubwa za kutosha, ukubwa wa 18 au zaidi, kwa wino mweusi juu ya karatasi isiyong'aa.

(d) Mkataba wowote unaomhusu asiyeona usomwe wote, neno kwa neno, na mtu asiye na faida katika mkataba huo. Apewe nakala siku kadhaa kabla ya kutia sahihi, na ikiwezekana apewe faili la maandishi ajisomee kwa simu. Asiharakishwe. Anayemharakisha mtu kuweka dole gumba amekwisha jieleza mwenyewe.

(e) Vijana wetu, ambao wanajua simu kuliko sisi, wajitolee kuwafundisha wasioona matumizi ya kisomaji cha skrini. Mafunzo hayo hayamalizwi kwa siku moja; yahitaji majuma kadhaa ya uvumilivu. Tena kijana afundishe, asifanye kwa niaba. Akiishika simu yeye na kusoma yeye, amerudisha mambo pale pale yalipokuwa.

(f) Parokia yenye uwezo inunue simu moja nzuri, iiweke ofisini ikiwa na programu za kusoma na spika za masikioni, na chumba cha faragha ambamo mtu ataweza kusoma karatasi yake pasipo kusikilizwa na wengine.

(g) Mtoto asiyeona au mwenye uoni hafifu asifichwe ndani. Apelekwe kwanza hospitali, kwa maana mtoto wa jicho na magonjwa mengine kadhaa yanatibika yakiwahiwa. Kisha apelekwe shule yenye mwalimu wa nukta nundu. Viongozi wa jumuiya ndio wanaojua kila nyumba. Hatuna sababu ya kusema hatukujua.

(h) Viongozi wafuatilie katika ofisi za kata na manispaa ili matangazo ya mikopo, ya afya na ya elimu yawafikie wasioona kwa njia wanayoweza kuisoma. Wafanye hivyo pamoja na wasioona wenyewe na chama chao, Chama cha Wasioona Tanzania, wala wasiwasemee.

7. Hitimisho

Ndugu wapendwa, katika Injili yuko Bartimayo, kipofu aliyeketi kando ya njia ya Yeriko. Watu walimkemea anyamaze. Yesu alisimama, akamwita, na kabla ya kumtendea lolote alimuuliza anataka afanyiwe nini. Hakudhani kwamba anajua tayari. Nasi tuanzie hapo. Mmoja atasema anataka nukta nundu, mwingine herufi kubwa, mwingine simu isemayo, na mwingine atasema anataka msomaji mwaminifu tu, basi. Kazi yetu si kuwachagulia, bali ni kuhakikisha kwamba, njia yoyote waichaguayo, karatasi inayoamua maisha yao haibaki kuwa siri kwao peke yao huku watu wengine wote wakiijua.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya

1. Katika jumuiya yetu kuna watu wangapi wasioona au wenye uoni hafifu? Tunawajua kwa majina? Tumewahi kuwauliza wanasomaje?

2. Tangazo la mwisho la jumuiya lilitumwa kwa namna gani? Asiyeona angeweza kulisoma peke yake?

3. Je, tunafahamu mkataba, mirathi au mkopo ambao asiyeona alitia sahihi bila kusomewa wote? Ni hatua gani za haki zinazowezekana sasa?

4. Nani kati ya vijana wetu yuko tayari kuanza kufundisha, na ataanza lini?